Anakandamiza penseli hadi karatasi inatoboka, lebo ya shati inamliza

MamaKijana: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 8, amepimwa na kukutwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika. Hilo tumelipokea. Kinachonichanganya ni mwili wake. Anakandamiza penseli hadi karatasi inatoboka, mistari michache tu mkono unauma. Kifungo hafungi bila kukikodolea macho. Lebo ikimgusa shingoni analia, lakini akichubuka goti hata hashtuki. Ndugu wanasema ni deko na uvivu. Haya yanahusiana na kusoma kwake? Nianzie wapi?

MwalimuElimuMaalumu: Pole mama. Huyo si mvivu, na usikubali aitwe hivyo mbele yake. Ukiacha milango mitano ya fahamu tuliyofundishwa, kuna hisi iliyo ndani ya sikio inayoshika mizani ya mwili, na nyingine kwenye misuli na viungo, inayouambia ubongo mkono uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani. Hiyo ya pili ikileta taarifa hafifu, mtoto hukandamiza ili auhisi mkono wake. Na vifungo anavikodolea kwa sababu macho yanafanya kazi ya vidole.

Shida ya uratibu wa mwili, yaani dispraksia, hukadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 kati ya 100, na mara nyingi huandamana na disleksia. Moja haisababishi nyingine.

Anza na kiti. Nyayo zikanyage chini zote, meza iwe usawa wa viwiko; mtoto anayening'iniza miguu anamaliza nguvu kwa kujishikilia tu. Chini ya karatasi yake weka gazeti lililokunjwa: akizidisha nguvu penseli itazama na atajua mwenyewe. Vifungo, fanya wewe karibu yote, yeye amalizie kukivuta kitokeze. Akiweza, mwachie na hatua inayotangulia hiyo. Shati liwe mezani kwanza, si mwilini. Lebo usiikate tu, fumua na mshono wake, maana kile kisiki kinachobaki huchoma kuliko lebo yenyewe. Kuhusu goti, mkague jioni, kwa kuwa kidonda hatakisema.

BabaWawili: Mwalimu, zile fulana za uzito, zinazoshonewa vitu vizito ndani ili kumtuliza mtoto, je? Nimeshawishiwa kununua.

MwalimuElimuMaalumu: Ushahidi wake ni dhaifu, mimi nisingenunua. Kinachosaidia zaidi ni kulifanyia mazoezi jambo lenyewe: anayeshindwa kufunga kamba, afunge kamba, muda mfupi, kila siku.

MamaKijana: Asante sana. Nimemwangalia sasa hivi, miguu inaning'inia kweli. Na shuleni niseme nini?

MwalimuElimuMaalumu: Mwekee kibao cha kukanyagia. Shuleni omba ajibu maswali mengine kwa mdomo, na asinakili yote yaliyo ubaoni. Kisha mpeleke kwa mtaalamu wa tiba kazi, yule anayesaidia watu kumudu shughuli za kila siku kama kuandika na kuvaa, na macho na masikio yapimwe pia. Nenda na daftari lake, lile lenye kurasa zilizotoboka.