Reli za stenlesi zimeota kutu Kigamboni, nimepigwa?

mtu_wa_feri:
Wakuu habari za mchana. Niliweka reli za stenlesi kwenye balkoni huku Kigamboni, bahari naiona kabisa, hata miezi mitano haijaisha zishatoka vidoti vya rangi ya chai na pale fundi alipochomelea ndo mstari mwekundu kabisa. Muuzaji alinipa sumaku nijaribu mwenyewe, haikunasa, akasema hii ndo orijino. Sasa stenlesi si haishiki kutu jamani?

chumaulete:
Pole mkuu, sumaku hapo imekudanganya. Stenlesi ziko za aina nyingi, zinatajwa kwa namba. 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli 8, hainasi. 201 wamepunguza nikeli maana ndo ghali wakajazia manganizi, nayo hainasi, na zikiwa mpya zinang'aa sawasawa tu. Kazi ya kuzuia kutu ni ya kromi, ikianzia asilimia 10.5 hivi inashikana na oksijeni inafanya kiutando chembamba hata hukioni, ukikikwaruza kinajirudi chenyewe. Chumvi ya bahari ndo inakitoboa kidogokidogo, hivyo ndo vidoti vyako. Ufukweni hata 304 inahangaika, kule watu wanaweka 316, ina molibdenamu asilimia 2 mpaka 3, ile ndo inabishana na chumvi. Bei yake sasa, shika moyo.

grinda_mbovu:
Ila ule mstari wa weldi usiisingizie bahari peke yake. Chuma kikikaa kwenye joto la nyuzi 450 hadi 850 kaboni inaikamata kromi, pembeni ya weldi kromi inabaki haba, kutu inapitia hapohapo. Ndo maana kuna 304L, kaboni haizidi asilimia 0.03, zingine wanatia titani iikamate kaboni kwanza. Halafu muulize fundi diski aliyotumia, maana wengi wetu (na mimi nimo) asubuhi unakata geti la chuma cha kawaida, jioni diski ileile unasugulia stenlesi, vile vichembe vinabaki juu vinaota kutu. Na lile doa la bluu la moto lazima litolewe kwa pesti yake ya asidi, vaa glavu, ile kitu inakula nyama.

mtu_wa_feri:
Daah. Nimeshuka stoo kuangalia kipande kilichobaki, nailoni yake imeandikwa 201 kubwaa, sijui nilikuwa naangalia wapi siku ile. Fundi nimempigia nimuulize diski, ananijibu "bosi, si vyote vyuma tu"

chumaulete:
😂😂 huyo usimrudishe. 316 ya bomba la inchi 2 ulizia mtaa wa Gerezani pale Kariakoo, nenda na kipimo chako.