Naomba ushauri kuhusu kiti cha kale cha mikono: nikipake vanishi upya au nikiache?

Ndugu zangu, salamu kwenu. Hapa Uingereza ninapoishi nimenunua mnadani kiti cha mikono cha mahogani, ambacho miguu yake ya mbele imepinda na kuishia kwenye kucha zilizoshika tufe, umbo ambalo wengi hulihusisha na joka la Kichina lililoshika lulu. Egemeo lake lina nakshi za utepe wa Kifaransa pamoja na matao yaliyochongoka ya Kigothi, mchanganyiko uleule ambao Thomas Chippendale, fundi samani wa Kiingereza, aliueneza kwa kitabu chake cha michoro kilichochapwa London mwaka 1754. Najua mitindo hiyo iliigwa sana katika karne ya 19, kwa hiyo sithubutu kukiita cha enzi za Chippendale mwenyewe. Hata hivyo, chini ya fremu nimeona alama za msumeno zilizonyooka, wala si za mviringo kama zinazoachwa na misumeno ya mashine ya baadaye, na hilo linanipa matumaini.

Muuzaji alinishauri nikwangue vanishi yote na kupaka mpya. Moyo wangu unakataa kabisa, kwa kuwa weusi uliojikusanya kwenye nakshi ndio umri wenyewe wa kiti. Je, nitazame wapi zaidi ili nijue umri wake, na mguu mmoja unaolegea niuunge kwa gundi inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi za wanyama, kama walivyofanya mafundi wa zamani, au nimwachie fundi?