Kumrudisha Black Terror wa 1941: haki, asili yake na lile vazi jeusi

Kalamu2B
Wakuu, kuna mpango wa komiki fupi, matoleo manne ya kurasa 24, ya kumfufua Black Terror: yule mfamasia Bob Benton aliyeanzia jarida la Exciting Comics, 1941. Mchapishaji wake alishafunga kitambo. Haki zake zikoje? Nimwanzishe upya au nimlete yule yule? Na vazi jeusi tii lenye fuvu kifuani linachapwaje lisiwe doa? Zitauzwa za karatasi na za mtandaoni.

SandukuLaKatuni
Mkuu, tenganisha hakimiliki na alama ya biashara, hapo ndipo wengi huchemsha.

Kwa sheria ya Marekani, kilichochapwa huko kabla ya 1964 kilitakiwa kihuishwe usajili kikifika mwaka wa 28. Kisipohuishwa, kikawa mali ya umma. Toleo la 1941 litafute kwenye orodha za usajili za 1968 na 1969; zimeshaskaniwa na ziko bure. Mtego ni majina: kampuni ya Ned Pines, iliyomchapa Black Terror, ilitumia Better, Nedor na Standard. Ukikagua jina moja utasema hakuna kitu, kumbe kipo chini ya jingine. Na ukague kila toleo unalochota kitu, si la kwanza tu.

Kisha chota kwenye kurasa za zamani peke yake. Kampuni ya komiki ya Dynamite walimtumia mwaka 2008 kwenye Project Superpowers, na walichobuni wao ni chao. Tengeneza jedwali: kipengele, toleo, ukurasa. Duka la dawa, mvuke wa kemikali uliompa nguvu, kijana Tim Roland, fuvu na mifupa, vyote ni vya miaka ya 40. Kisichopata ukurasa wake kwenye jedwali, kitupe.

Jina la jalada nalo lina kesi yake. DC walipomrudisha Captain Marvel 1973 ilibidi jarida liitwe Shazam!, kwa kuwa Marvel walikuwa na Captain Marvel wao tangu 1967. Hata yale maneno madogo ya jaladani, kwamba huyu ndiye Captain Marvel wa asili, yaliondolewa baada ya matoleo 14. Kwa hiyo kagua usajili wa alama za biashara, daraja la 16 (machapisho), la 9 (faili za kupakua) na la 41 (burudani), kabla hujamlipa mtu wa nembo. Halafu Kenya na Tanzania huhesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo kuwa huru Marekani si kibali cha kuuza huku.

Mzee wa Fremu
Haki amemaliza mdau hapo juu. Mimi niseme hadithi.

Wanaosema "mrudishe tu kama alivyokuwa" wamtazame Captain America. Jarida lake lilirudishwa 1954 akipigana na wakomunisti, matoleo matatu, 76 hadi 78, likafa. Stan Lee na Jack Kirby walipomtoa kwenye barafu 1964, Avengers namba 4, alikuja na hasara: msaidizi wake Bucky amekufa, miaka imempita. Hiyo hasara ndiyo iliyozaa hadithi. Ila waliyaruka yale ya 1954, na 1972 mwandishi mwingine akalazimika kueleza kuwa yule wa miaka ya 50 alikuwa mtu tofauti. Usipoziba pengo mapema, atakuja kuliziba mwingine kwa gharama kubwa.

Njia ya Flash, shujaa wa DC aliyeanzishwa upya 1956, ni jina na nguvu zile zile, mtu mpya. Ni safi, lakini kwako haifai: bila Benton na duka lake, Black Terror anabaki fuvu na buti.

Ushauri wangu: jarida lake lilikufa 1949, basi anzia 1950. Huhitaji barafu wala usingizi wa miaka 70. Mvuke unaanza kuisha nguvu, Tim ameshakuwa mtu mzima na hataki tena kuitwa msaidizi. Asili ipe ukurasa mmoja tu, wa 5 au 6. Ikikaa ukurasa wa kwanza, msomaji anapewa historia ya mtu ambaye bado hajamjali.

wino_mzito
Kuhusu vazi: usijaze rangi zote nne asilimia 100. Jumla yake ni asilimia 400, karatasi inalowa na wino unahamia ukurasa wa pili. Karatasi ya kung'aa huvumilia jumla ya takriban 300, ya gazeti 240. Tumia sayani 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100. Maandishi ya puto za maneno yawe nyeusi 100 peke yake, la sivyo sahani za kuchapia zikiteleza kidogo herufi zinapata kivuli cha rangi.

Mikunjo ya nguo ipe bluu, kama walivyofanya wachoraji wa zamani. Mkono ukipita mbele ya kifua, acha mstari mweupe wa milimita 1 kwenye A3. Ukipunguza kufika 168 × 260 mm utabaki kama 0.6, bado unaonekana. Mtu akiwa chini ya sentimita 3, fuvu liwe macho mawili na alama ya X, meno yataziba tu. Mistari 600 dpi (nukta kwa inchi), rangi 300, ukingo wa kukatia 3 mm.

Kalamu2B
Nimewapata wakuu. Matukio ya usiku je?

wino_mzito
Anga usiliweke jeusi. Weka bluu ya wastani au zambarau, nyeusi ibaki ya vazi lake peke yake. Chapisha ukurasa mmoja wa usiku kwenye karatasi ile ile ya mwisho kabla hujapaka rangi kurasa 23 zilizobaki.