Kunyanyua Hilux inchi 2: spesa, majani ya springi ya kuongeza au seti nzima?

mkulima_mlimba
Wakuu, heri ya jioni. Nina pickup naitumia shambani. Masika yaliyopita imenitesa vibaya, kila penye tope inalalia tumbo. Nataka kuinyanyua inchi 2 kabla mvua hazijaanza. Nimezunguka maduka ya spea Gerezani, Dar, siku mbili, kila duka lina lake. Wa kwanza kaniambia spesa mbele (vyuma vya kuinulia koili) na vipande vya chuma nyuma, laki 4 na ufundi humo humo. Wa pili anataka niweke Ironman seti nzima, shokapu nne na springi zote. Wa tatu kaapa kwamba seti ya Old Man Emu ndiyo mwisho wa reli, ila bei yake ilinifanya niombe maji ya kunywa. Nichukue ipi? Naomba waliotumia wenyewe, si wa kusimuliwa.

siti_ya_mbele
Ngoja wajuzi waje. Nimeshakaa, na mimi nina Ranger inanisumbua hivyo hivyo.

Babu Springi
Pickup gani? Mwaka gani? Mbele ina koili au tosheni baa (fimbo inayojisokota badala ya springi)? Unabeba nini, kilo ngapi, kila siku au wakati wa mavuno tu? Kuna bampa la chuma, kuna winchi? Kuuliza springi bila kutaja uzito ni sawa na kumpigia simu fundi cherehani akushonee suruali bila kukuona.

mkulima_mlimba
Samahani mzee wangu. Hilux Vigo ya 2010, injini 2KD ya dizeli, fowili inafanya kazi. Bampa ni lile lililokuja nalo. Nabeba mizigo ya kawaida.

Dada wa Mkonga
"Mizigo ya kawaida" ya watu wa Mlimba naijua. Taja.

mkulima_mlimba
Mchele dada. Magunia 12, msimu ukikolea 14. Miezi mingine iko tupu, mimi na mke wangu na madumu ya maji.

Dada wa Mkonga
Magunia 14 ya kilo 100 ni kilo 1,400. Hilux imeundwa kubeba tani moja au pungufu kidogo, na humo wewe na mkeo mmeshahesabiwa. Gari lako halijaomba kunyanyuliwa kaka, limeomba kuhurumiwa.

swala_wa_Naabi
Mimi naendesha watalii Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa. Old Man Emu, basi. Njia ya kutoka geti la Lodoare pale Ngorongoro mpaka Naabi, geti la Serengeti, ina rasta (vituta vya mfululizo) ambazo zinaua shokapu ya kawaida kabla mgeni hajaona simba. Mafuta ya ndani yanachemka, shokapu inakuwa kama pampu ya baiskeli. Shokapu nene inachelewa kuchemka, ndiyo maana unailipia. Hiyo inchi 2 ichukulie kama nyongeza, hela yako inanunua utulivu.

Mjukuu wa 1KD
Sasa huyu mkulima na rasta za Serengeti wapi na wapi? Yeye anapigana na tope la Kilombero, tope jeusi la mfinyanzi linaloshika tairi mpaka linageuka andazi. Ironman inamtosha na chenji inabaki. Mimi ninazo tangu 2018, nimebadilisha bushi tu.

swala_wa_Naabi
Na wewe unabeba nini? Familia na keki ya jumapili?

Mjukuu wa 1KD
Nabeba saruji. 

kobe_mwendo
Hiyo kazi ya laki 4 ndiyo ninayotaka kuisemea, maana nilifanyiwa. Si na fundi wenu huyo, ni wa mkoa mwingine, na hata nikimtaja hamna faida.

2019 nilikuwa na Vigo kama yako, nachukua viazi Njombe nashusha Dar. Fundi akaniambia seti nzima ni kuchezea hela. Akachonga vyuma viwili vya inchi 2 na nusu, akaviweka nyuma kati ya ekseli na springi. Yu-bolti (zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) za urefu ule hakuwa nazo, akachukua za lori akazipinda kwa moto. Mbele akaweka spesa. Gari likasimama kama twiga, nikapiga picha nikaweka stetasi, watu wakanipongeza.

Sasa sikilizeni. Springi ya majani ina bolti inayopita katikati kuyabana majani, na kichwa chake kinazama kwenye tundu la ekseli. Hicho kichwa ndicho kinachoizuia ekseli isitembee mbele wala nyuma. Kwenye vyuma vyangu fundi alitoboa tundu nusu, kichwa hakikuzama. Ekseli ilishikwa na yu-bolti peke yake, nazo zilishapikwa motoni.

Kutoka Ilula nasikia "ko" kila nikigusa breki. Nikajidanganya kuwa ni jeki imelegea nyuma ya siti. Utingo akaniambia, "Bosi, jeki nimeikalia." Nikamwambia anyamaze. Tukaanza kushuka mlima Kitonga. Kona ya tatu, gari likaanza kutembea upande kama kaa. Usukani nimekata kulia, matako ya gari yanakwenda kwao. Nyuma yangu kuna semi inanipigia honi, nyingine inapanda. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaliburuza hadi penye upenyo, utingo akaruka na mawe.

Nikainama kuangalia. Tairi la kushoto la nyuma limerudi nyuma kuliko la kulia kwa upana wa vidole vinne. Nilipima kwa mkono wangu huu. Yu-bolti moja imekatika palepale kwenye kona iliyopindwa, na mkato wake nusu una kutu, nusu unang'aa. Maana yake ilianza kukatika siku nyingi, mimi napiga picha.

Nililinda viazi pale siku mbili. Faida ya safari ile ililiwa na winchi ya kunivuta.

siti_ya_mbele
Dah. Pole sana mkuu. Utingo bado unaye?

kobe_mwendo
Aliacha kazi Ruaha Mbuyuni, hata hakufika Dar. Simlaumu.

WaNakuru
Poleni ndugu wa Bongo. Lakini shida yenu ni kuabudu Toyota. Huku Kenya Isuzu D-Max inaundwa hapa hapa Nairobi, spea ziko kila mtaa, na inabeba bila malalamiko. Uza hiyo Vigo.

Mjukuu wa 1KD
Ameuliza springi, wewe unamuuzia gari.

WaNakuru
Nimempa suluhisho.

Babu Springi
Turudi kwenye gari. Kobe pole, ila usivilaumu vipande vyenyewe. Pickup kubwa za Ford za Marekani zinatoka kiwandani navyo nyuma. Tofauti ni kwamba cha kiwandani kina pini juu na tundu chini, na yu-bolti ni mpya za kipimo chake. Yu-bolti ikishafunguliwa ni ya kutupa, maana imeshavutika. Na mbele kwenye gari lenye ekseli nzima vipande haviwekwi hata kwa mtutu wa bunduki.

Mkulima, spesa za mbele zitakupa urefu, lakini shokapu na koili ni zile zile zilizochoka. Ukivuka inchi 2 shafti za magurudumu ya mbele zinapinda sana, raba zake zinasuguana mpaka zinachanika, grisi inamwagika, tope linaingia. Kwa Mlimba hiyo ni kazi ya wiki.

Kuna kitu kingine ambacho maduka hayakuambii. Nyuma ya Vigo, juu ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), kuna fimbo ya chuma inayopanda kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chesesi. Hiyo fimbo inapima mzigo. Gari likilemewa, chesesi inashuka, vali inaongeza breki za nyuma. Likiwa tupu, inapunguza ili nyuma isiteleze. Ukinyanyua nyuma bila kurekebisha fimbo, vali inaamini huna mzigo, hata ukiwa na magunia 14. Sehemu kubwa ya breki inabaki mbele. Muulize fundi wako kuhusu hiyo fimbo. Akikutazama kama umemtukana, ondoka.

mkulima_mlimba
Mzee umenifungua macho. Sikuwahi hata kuiona hiyo fimbo.

Dada wa Mkonga
Na kingine. Kulalia tumbo kwenyewe unalalia kwa kitu gani? Maana ukinyanyua springi, bodi na chesesi vinapanda, lakini difu ya nyuma haipandi hata unywele. Iko kwenye ekseli, ekseli iko kwenye tairi. Difu inapandishwa na tairi tu. Ukitoka 265/70R16 ukaenda 265/75R16, kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, kwa hiyo difu inapanda 13. Ndiyo hiyo tu, upana wa kidole.

mkulima_mlimba
Ni difu. Inachora mfereji katikati ya njia, watu wanapitisha baiskeli humo.

Dada wa Mkonga
Basi hela yako ianzie kwenye tairi zenye meno. Springi zifuate.

trafiki_hanipendi
Angalizo kuhusu tairi kubwa. Spidomita inadanganya. Kwa hizo alizotaja dada, ikisoma 50 wewe unakwenda karibu 52. Mimi nilikamatwa na tochi ya kupima spidi kwenye kibao cha 50, kwa macho yangu mshale uko hamsini kamili. Elfu 30 ikaenda.

Mjukuu wa 1KD
Ulikuwa 52 wakakuandikia?

trafiki_hanipendi
Sijasema nilikuwa 52. Nasema tairi zilichangia.

swala_wa_Naabi
Tochi ilisoma ngapi mkuu?

trafiki_hanipendi
71.

siti_ya_mbele
😂😂😂 Hizo tairi za trekta?

Mzanzibari wa Maskati
Assalaam aleikum ndugu zangu. Huku Oman wikiendi tunaingia jangwa la Wahiba na Hilux ambazo hazijanyanyuliwa hata nukta. Siri ni upepo wa mipira. Lami unakwenda na 35, mchangani unashusha mpaka 15 au 18, mpira unatandaza mguu kama ngamia. Mkulima ajaribu kupunguza upepo kabla hajatoa pesa.

Dada wa Mkonga
Mchanga ni mchanga, sheikh. Kwenye tope la mfinyanzi wewe unataka meno yachimbe yafike pagumu. Na huko unakoshusha upepo una pampu ya kujazia. Yeye akishusha Mlimba atajazia wapi, kwa mdomo? Na magunia yale juu ya tairi la upepo 15, litatoka kwenye rimu.

Mzanzibari wa Maskati
Hilo la mzigo sikulifikiri. Kweli.

WaNakuru
D-Max ingepita.

Babu Springi
Mkulima, tupia picha. Gari limesimama sawa, tupu, upande mzima, na nyingine ya springi za nyuma kwa karibu.

mkulima_mlimba
[picha 2] Za asubuhi hii. Samahani kwa matope.

Babu Springi
Haya. Hesabu majani kwenye picha ya pili. Mimi naona saba, na mawili ya chini rangi yake si ya wenzake. Aliyekuuzia ameshaongeza majani. Ndiyo maana nyuma imebinuka na mbele imeinama kama inanusa chakula. Hiyo tayari imenyanyuliwa nyuma, kienyeji. Ukiweka seti ya inchi 2 juu ya hayo, ikiwa tupu utarushwa mpaka meno yaumie.

mkulima_mlimba
Kumbe! Mke wangu analalamika mgongo kila siku, nikadhani ni barabara.

Dada wa Mkonga
Muombe mkeo radhi kwanza, springi baadaye.

swala_wa_Naabi
Mbele weka Old Man Emu, koili ya kawaida kwa sababu hana bampa la chuma, nyuma springi mpya za mzigo. Nimemaliza.

Mjukuu wa 1KD
Springi za mzigo wa kudumu kwa gari linalobeba miezi mitatu tu? Miezi tisa atarudi kulekule kwenye mgongo wa mama. Achukue za wastani, msimu apunguze magunia yawe tisa au kumi, aende mara mbili.

mkulima_mlimba
Kwenda mara mbili ni mafuta mara mbili mkuu. Mchele wenyewe bei mnaijua.

kobe_mwendo
Mlimba si mna TAZARA? Pakia kwenye treni, Vigo ibebe mama na madumu.

mkulima_mlimba
Treni nayo ina ratiba zake, acha tu.

siti_ya_mbele
Mchele wa huko kwa sasa gunia bei gani shambani? Nataka kama matano ya nyumbani.

mkulima_mlimba
Njoo PM.

Babu Springi
Kabla hamjahamia sokoni. Ukipata springi, zozote, bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki. Zikikazwa zinaning'inia, raba inakaa imejisokota, miezi michache imekatika. Baada ya kilomita kama 500 zikazwe tena yu-bolti. Alaimenti siku hiyo hiyo, maana ukinyanyua mbele tairi zinalala, zinaliwa upande. Na koili za mbele asizifungue kijana kwa kamba na nondo, zina nguvu ya kuvunja taya. Nimeona.

mkulima_mlimba
Asante sana mzee na wote. Jumamosi napanda Ifakara kwa fundi, nitamuuliza kwanza habari ya fimbo. Nitoe yale majani mawili ya kienyeji nione inakaaje, au niache mpaka nipate seti?

swala_wa_Naabi
Toa.

Mjukuu wa 1KD
Usitoe kabla hujaweka mengine, na hayo magunia!

trafiki_hanipendi
Ukiyatoa usiyatupe mkuu. Nina kirikuu (kipickup kidogo) inakaa chini nyuma, pengine yatanifaa.

Babu Springi
Majani ya Vigo kwenye kirikuu?

trafiki_hanipendi
Yakikatwa kidogo.