Risiva ya wati 100 na spika za wati 150: je, zinapatana?

Mkazi wa Mkomani, Lamu

Assalamu alaykum. Ami yangu amerudi kutoka Dubai na kuniachia risiva, yaani mashine ya kukuza sauti ya televisheni na kuipeleka kwenye spika, ya chaneli 5 (njia tano za spika), iliyoandikwa wati 100 kwa kila chaneli katika omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nami nimenunua Mombasa spika mbili za mbele zenye maandishi haya: wati 150 za juu kabisa, omu 6, desibeli 88 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Fundi mmoja wa hapa mjini amenikataza kuziunganisha, akidai kuwa spika zenye wati nyingi kuliko mashine huichosha mashine. Jirani yangu anasema kuwa nguvu ya mashine lazima iwe maradufu ya spika. Nimebaki katikati, na sitaki kurudia hasara ya mwaka jana, nilipounguza twita mbili (spika ndogo za sauti nyembamba) za seti iliyoandikwa PMPO wati 3000, siku ya arusi ya dada yangu, baada ya kufungulia sauti hadi mwisho.

Ukumbi wetu ni wa nyumba ya mawe ya kale: upana haufiki mita 3, kwa kuwa ndio urefu wa boriti, lakini kwenda kwa ndani unafika mita 8. Tunakaa mita 3 kutoka kwenye televisheni. Ndugu yangu anataka pia tuvute waya kutoka kwenye spika hizo hizo mpaka spika nyingine mbili za omu 6 zilizoko barazani. Naomba ushauri.

Fundi wa spika, Malindi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Wati zilizoandikwa kwenye spika hazielezi kiasi ambacho spika inadai; zinaeleza kiasi ambacho koili yake (waya uliozungushwa ndani ya spika) inaweza kustahimili kabla ya kuungua kwa joto. Ukiipa wati 2 itatumia wati 2, na risiva haina namna ya kujua kuwa nyuma ya kasha mna maandishi ya 150. Kinachoichosha mashine ni omu. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo mkondo wa umeme unavyoongezeka, na ndiyo maana jambo la kwanza la kusoma ni maandishi yaliyo karibu na vishikizo vya waya nyuma ya risiva, yanayotaja omu za chini inazokubali. Yakisema 6 hadi 16, spika zako zimo.

Baada ya omu, tazama desibeli, ambazo watu wengi huzipita bila kuzisoma. Desibeli 88 maana yake ni kwamba spika ikipewa wati 1, aliye umbali wa mita 1 atapata sauti ya kiwango hicho. Ukirudi nyuma hadi mita 3 mahali pa wazi, utapoteza takriban desibeli 9 na nusu. Chumbani hupotezi nyingi hivyo, kwa sababu kuta hukurudishia sauti. Tuchukue hesabu kali ya mahali pa wazi: kwa nusu wati utapata kama desibeli 75, nayo ni sauti ya kutosha kabisa kwa mazungumzo ya filamu. Mlipuko au ngoma inayopanda desibeli 20 juu ya hapo huhitaji nguvu mara 100, yaani wati 50, kwa kitambo kidogo tu. Risiva yako inazo. Kuongeza nguvu maradufu, kama anavyotaka jirani yako, kungekuzidishia desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia lakini haistahili kununuliwa mashine mpya.

Kuhusu ile seti ya 3000, kama bado unayo, soma kibao cha nyuma kinachotaja umeme inaoutumia. Ukikuta wati 60, basi haiwezi kutoa kwa kudumu zaidi ya kile inachomeza. Wati za kufuata ni zile za RMS, yaani zinazoweza kutolewa kwa kudumu. PMPO ni maandishi ya kupamba kasha.

Bint Langoni

Naafikiana na kaka wa Malindi, ila asichokieleza ndicho kilichounguza twita za arusini. Amplifaya (mashine ya kukuza sauti) ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vilele na kuwa bapa. Mawimbi ya namna hiyo hubeba nguvu nyingi zaidi kwa wastani, na sehemu yake huongezeka upande wa sauti nyembamba, ambako twita yenye koili ndogo ndiyo inayoipokea. Hata hivyo watu wasielewe kuwa mashine kubwa ni salama kwa kila hali: mashine ya wati 300 ikifunguliwa sauti kwa nguvu kwa saa tatu inaweza kuichoma spika ya wati 50, tena bila kukata wimbi lolote. Ukisikia sauti imeanza kukwaruza, punguza papo hapo.

Kuna jambo la umeme pia. Hapa kwangu jioni nikipima hukuta volti 200 badala ya 240. Katika risiva nyingi nguvu ya mwisho hufuata mraba wa volti, kwa hiyo zile wati 100 zinakuwa kama 69. Isitoshe, mara nyingi wati hizo zimepimwa chaneli mbili zikifanya kazi, si zote tano. Ndiyo sababu napendekeza uwe na subwufa (spika ya besi, yaani sauti nzito) yenye amplifaya yake mwenyewe, na katika mipangilio ya risiva uzitaje spika zako kuwa ndogo, ukiikata besi kwenye hezi 80, ili sauti nzito zilizo chini ya hapo ziende kwenye subwufa. Besi ndiyo inayokula nguvu nyingi, na risiva ikiondolewa mzigo huo hupumua. Halafu tandika zulia au mikeka, kwa kuwa ukuta wa chokaa hurudisha sauti mpaka maneno yakachanganyika, nasi hudhani mashine ni dhaifu tukaongeza sauti bure. Zidaka za ukutani usizizibe, zinasaidia kuitawanya sauti.

Fundi wa spika, Malindi

Shukrani, dada, hilo la volti nililisahau. Kuhusu baraza, jibu ni hapana. Spika mbili za omu 6 zikiunganishwa sambamba huwa omu 3, chini ya kiwango cha risiva, nayo inaweza kuzima au kuungua. Tafuta amplifaya ndogo ya pili, hata ya wati 30. Kwa masafa ya mita 10 tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5.

Mkazi wa Mkomani, Lamu

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimetazama: risiva imeandikwa omu 6 hadi 16, na ile seti ya zamani kibao chake kinasema wati 55. Nimemweleza ndugu yangu, naye amekubali kuisubiri amplifaya ya baraza. Nimebakiwa na tatizo moja. Spika za baraza zimeliwa na chumvi ya bahari, na alama za nyekundu na nyeusi zimefutika. Nitajuaje upande upi ni chanya?

Fundi wa spika, Malindi

Zikwangue kwanza ncha mpaka shaba ing'are. Kisha chukua betri ndogo ya volti 1.5, uiguse kwenye ncha mbili za spika kwa sekunde moja tu huku ukitazama koni kubwa. Ikisukumwa nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo nyekundu. Ikivutwa ndani, ni kinyume chake. Fanya hivyo kwa spika zote mbili kabla hujazitundika, kwa maana moja ikikaa kinyume na mwenzake, besi itapotea.