Mjadala: Mwanafunzi wa kompyuta aachwe akili mnemba imwandikie programu?

Mleta mada:

Wadau, nasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa tatu, na swali hili limenikaa rohoni muda mrefu. Walimu wetu wamegawanyika. Wapo wanaosema ukibainika umetumia akili mnemba (AI) kwenye zoezi, unapewa sifuri. Wapo wanaosema tumieni tu, kazini mtaikuta. Sisi tulio katikati tunatumia kwa kujificha, na huko kujificha ndiko kunakotuumiza.

Niwaeleze yaliyonikuta. Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kutengeneza mfumo mdogo wa usajili: ukurasa wa kuingilia, hifadhidata, basi. Nikaieleza AI ninachotaka, ikanipa msimbo mzima, yaani maandishi yote ya programu, kabla sijamaliza hata kukaa vizuri. Nikaujaribu. Nywila sahihi naingia, nywila ya uongo nakataliwa. Nikajua nimemaliza. Mwenzangu akavuta kiti, kwenye kisanduku cha nywila akaandika hivi: ' OR '1'='1. Akabonyeza, akaingia. Hana akaunti wala nywila.

Ule upenyo haukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba aliponiuliza imewezekanaje, sikuwa na jibu, na jina lililo juu ya faili ni langu. Nilitumia siku mbili kuelewa kwamba alama ya kwanza aliyoandika ilifunga sehemu ya nywila, kwa hiyo maneno yaliyofuata hifadhidata ikayasoma kama sehemu ya amri. Na kwa kuwa 1 ni sawa na 1 siku zote, mlango ukafunguka. Dawa yake ni mistari miwili tu: amri ipelekwe peke yake, na alichoandika mtumiaji kipelekwe peke yake. Kosa hili limeelezwa hadharani tangu 1998! AI imejifunza kutokana na misimbo ya watu, yenye dawa na yenye ugonjwa, na mimi sikuwa na jicho la kutofautisha.

Msimamo wangu ni huu. Zana hizi ziruhusiwe waziwazi, ila alama zitokane na kujieleza. Mwanafunzi akae na mwalimu, aulizwe mstari wowote, aambiwe abadilishe kitu palepale. Na mwaka wa kwanza wote (najua hapa wengi mtanipinga) tuandike wenyewe bila msaada wowote wa AI. Aliyehangaika nusu siku na kitanzi kisichokoma (sehemu ya programu inayojirudia bila mwisho), akakuta tatizo ni alama moja tu, ndiye atakayeona kosa la mwingine hata kama huyo mwingine ni mashine.

Marufuku ya jumla siikubali kwa sababu haina namna ya kusimamiwa kwa haki. OpenAI, waliotoa ChatGPT Novemba 2022, walitoa pia chombo cha kutambua maandishi ya AI Januari 2023. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama mwenye mashine kimemshinda, mwalimu atamhukumu mwanafunzi kwa ushahidi gani?

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta mada, nakupinga kwa heshima zote. Mwanasayansi wa kompyuta Grace Hopper alipotengeneza kompaila ya A-0 (kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtengeneza programu kuwa lugha ya mashine) mwaka 1952, wapo waliokataa kabisa kwamba kompyuta inaweza kuandaa programu. Leo ni wangapi wanaandika lugha ya mashine kwa mkono? Pia kuna jaribio la GitHub Copilot, AI ya kusaidia kuandika msimbo, ambapo watengeneza programu 95 walipewa kazi ya kuandika seva ndogo kwa JavaScript. Waliokuwa na AI walimaliza asilimia 55.8 haraka zaidi. Unataka mwanafunzi akae mwaka mzima mbali na hilo, halafu akashindane na nani?

Mchangiaji wa pili:

Mfano wa kompaila haukubali hapa, ndugu yangu. Kompaila ukiipa maandishi yaleyale inakurudishia kitu kilekile, na ukikosea kanuni za lugha inakugomea. AI iulize mara mbili, unaweza kupata majibu mawili tofauti, yote yameandikwa kwa kujiamini. Mimi niko kazini, na nimeshapewa na AI jina la maktaba ya programu (msimbo wa tayari unaopakuliwa na kutumiwa) ambayo haipo duniani. Mwenye nia mbaya akiwahi kulisajili jina hilo na kuweka virusi, anayepakua bila kuangalia amekwisha.

Na kuhusu kasi, mwaka 2025 shirika la METR, linalochunguza uwezo wa AI, liliwapima watengeneza programu 16 wenye uzoefu, kwenye miradi wanayoijua wenyewe. Walipotumia AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Walipoulizwa baadaye, wakasema wanaamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Kama wazoefu walidanganywa na hisia zao, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajuaje kwamba hajifunzi?

Mleta mada:

Mchangiaji wa kwanza, nakubali mwaka mzima unaweza kuwa mrefu. Nashuka hadi muhula mmoja, chini ya hapo siendi. Jaribio lako lilipima kumaliza kazi, na mimi hofu yangu ni kuelewa.

Siku hizi nafanya hivi: naandika mwenyewe kwanza, hata kama ni vibaya, kisha naiambia AI initafutie makosa bila kunipa msimbo uliosahihishwa. Inachosha, na mara nyingine nashindwa kuvumilia naomba jibu. Lakini nikiulizwa mstari sasa najibu.

Ninachokwama ni utekelezaji. Darasa letu lina watu 300. Kila mmoja akipewa dakika 10 za kujieleza, ni saa 50 kwa zoezi moja. Wanaofundisha humu watuambie: hizo saa zitoke wapi, na je, wanafunzi wa mwaka wa nne wanaweza kuaminiwa kukaa kwenye kiti cha mwalimu?