Tupeane uzoefu: ishara uliyoisoma ukaielewa kinyume

Mpara_ngege, Kisumu
Habari za jioni wadau. Binti yangu ameanza somo la semiotiki chuoni, yaani elimu ya ishara na maana zake. Jana alinifafanulia jikoni nikipara samaki. Kuna Mmarekani, Charles Sanders Peirce (1839–1914), aliyezigawa ishara mafungu matatu: inayofanana na kitu chenyewe, kama picha, inayosababishwa na kitu, kama moshi na moto, na ile ambayo watu wamezoea tu kuipa maana, kama maneno.

Aliposema moshi na moto, nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Nilipohamia hapa kutoka Kitui, niliona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa, nikapiga kelele kwamba boti inaungua. Jirani alitazama mara moja, akaanza kuanua nguo na kufunga madirisha. Kumbe ni wale vidudu vya ziwani! Usiku ukuta wa karibu na taa haukuonekana rangi yake. Wewe ulidanganywa na ishara gani?

Dereva_wa_trela
Matawi. Tunashuka Salgaa, utingo wangu mgeni ananiuliza nani ametupa majani mabichi katikati ya lami. Mimi nishakanyaga breki. Mbele kidogo, lori limezimika, halina hata taa. Pembetatu nyekundu ndiyo ya kitabuni, lakini tawi ndilo linalopatikana saa nane usiku.

Bibi_wa_Kakamega
Hayo hayo matawi! Nimeolewa huku kutoka Nyandarua. Wiki ya kwanza nasikia ngoma ya isukuti, wanaume wanakimbia na matawi na filimbi. Nikajifunga leso, nikamwendea mama mkwe kwa upole: nani ametutoka? Akanishangaa. "Wanapeleka fahali kupigana!" Na kweli, matangani ngoma hiyo hupigwa pia. Nikamuuliza nitatofautishaje. "Angalia nyuso, mwanangu."

Ticha_mstaafu, Bungoma
Mama mkwe huyo angempa raha Ferdinand de Saussure. Mswisi huyu, mtaalamu wa lugha, alifundisha Geneva, akafariki 1913. Kitabu chake kilitoka 1916, wenzake walikikusanya kutoka madaftari ya wanafunzi (wanafunzi wangu mimi wangeacha michoro ya mpira tu). Alisema sauti ya neno haina undugu na kitu. Sisi tunasema mti, Mjaluo anasema yath, na mti wenyewe haujali. Tena ishara hupata thamani yake kwa zile zilizo kando yake. Tawi kwenye lami, tawi kwenye isukuti, tawi kwenye gari la maiti: mti mmoja, habari tatu.

Mama_chai, Naks
Yangu haichekeshi sana. Asubuhi moja nilikuta kibanda changu kimechorwa X nyekundu. Kwenye kura, X ni nimekuchagua. Mtoto wangu wa gredi ya tatu anaijua ya daftarini tu, akaniuliza, "Mama, kibanda kimekosa swali gani?" Nilishindwa kumjibu. Trakta ilikuja kukibomoa baada ya siku kumi.

Mpara_ngege, Kisumu
Pole sana dada. Ulihamia wapi?

Mama_chai, Naks
Ng'ambo ya barabara, wateja ni walewale. Ila nikiona mtu na kopo la rangi nyekundu, hata kama anapaka geti lake, tumbo linanguruma.